Chuo cha Nyuma ya Bolingi

Royce Tuttle alikuwa mtu wa kumi na saba kwenye foleni ya samaki, sinia mkononi, pale bahati ilipomgonga kisogoni. Ilikuwa Ijumaa ya pili ya Kwaresima, katika ukumbi wa parokia kaskazini mwa Toledo, na mtaa mzima, waumini kwa wasioamini, ulikuwa umejipanga kungoja sangara wa ziwani na saladi ya kabichi. Royce hakuwa Mkatoliki. Hakuwa chochote. Ila alikuwa na imani moja: ukitaka kujua mji unaota nini, usiende maktaba, nenda foleni.

Nyuma yake mama mmoja mwenye kofia ya sufu alikuwa anamsimulia mwenzake.

"Basi shoga, nimejaza ritani yangu ya kodi mwenyewe, pale pale meza ya jikoni, kahawa pembeni. Nikafika panapouliza habari za masomo. Mwanangu si yuko chuo mwaka wa kwanza? Nikaweka ada, nikaweka vitabu. Weee! Wamenirudishia dola elfu moja. Na kodi yenyewe nilikuwa sidaiwi hata senti!"

"Acha bwana!"

"Haki ya Mungu. Inaitwa nafuu ya kodi ya masomo. Hudaiwi, bado wanakutumia."

Royce alisahau kuchukua saladi.

Tumtazame vizuri mtu huyu kabla hajaondoka na sahani yake. Umri miaka arobaini na sita, meno meupe kama vyombo vya arusi, na sauti ile inayokufanya uamini mlikua wote. Alikuwa ameuza magari yaliyotolewa kwenye mafuriko akisema yameoshwa kuliko mengine yote sokoni. Alikuwa ameuza viwanja vya makaburi vyenye mandhari ya mto, na mteja alipouliza maiti ataonaje mto, akajibu kwamba wageni wake ndio wataona. Kitu kimoja tu hakuwahi kufanya maishani: kusoma karatasi mpaka mwisho. Mistari miwili ya juu ilimtosha. Iliyobaki aliitolea tabasamu.

Siku ile hakuhitaji hata hiyo miwili. Alikaa na samaki wake akitafuna polepole, akiwaza. Dola elfu moja kwa kichwa. Serikali iko mbali, haimwoni mwanafunzi, inaona karatasi. Na Toledo kumejaa vichwa.

Jumatatu mchana alikuwa ameshaegemea kaunta ya bolingi ya Kaz Nowaczyk. Ulikuwa ukumbi wa zamani wenye njia nane za mbao, mahali ambapo watu wazima hulipa ili warushe tufe zito wakaangushe pini kumi, kisha walipe tena. Kaz mwenyewe alikuwa nyuma ya kaunta anapuliza dawa ndani ya viatu vya kukodisha. Karibu naye aliketi Arlo Beasley, dereva wa lori la vioo, mtu mkubwa mwenye maneno machache, na Verna Sipes, msusi, ambaye maneno ya Arlo aliyachukua yeye yote.

"Kaz," Royce akaanza, "wewe umesoma mpaka wapi?"

"Sekondari nilimaliza."

"Baada ya hapo?"

"Baada ya hapo baba akafa nikarithi viatu hivi."

"Na kuendesha biashara nani kakufundisha?"

"Maisha."

"Ehee! Na ada ulilipa, hukulipa?"

Kaz akaweka kopo la dawa chini. "Nililipa, tena sana! Bomba lilipasuka njia ya sita. Mke wa kwanza. Mke wa pili..."

"Basi unaidai serikali," Royce alisema kwa upole, kama daktari anayempa mtu habari njema. "Umesoma, umelipa, na nafuu ya kodi ya masomo hujawahi kuichukua. Dola elfu moja, kaka. Zimelala huko zinakusubiri zinazeeka."

Verna alisogeza kiti. "Na mimi? Mimi nywele nimejifunza kwa shangazi."

"Shangazi ni chuo."

"Na marehemu mume wangu? Naye hawezi kuandikwa mwanafunzi?"

"Tuanze na walio hai, dada Verna. Wafu tutawatazama mwakani."

Akawapangia mambo. Yeye, Royce Tuttle, ni Mkuu wa Chuo cha Maarifa ya Maisha, tawi la Toledo. Anayejiandikisha atalipa dola mia nne taslimu, atapewa cheti na karatasi ya ada, kisha atajaza ritani yake kwa mkono wake mwenyewe. Hapo kwenye mkono wake mwenyewe Royce alisisitiza, akagonga kaunta kwa kidole.

"Mimi simjazii mtu. Anayewajazia watu kwa malipo sheria inamtaka aweke jina lake chini, na jina langu lina haya, halipendi kuonekana. Wewe unajaza, mimi nakushika mkono tu, kama mtoto anayevuka barabara."

"Na pesa zitaingia wapi?" Arlo aliuliza. Lilikuwa swali lake la kwanza tangu asubuhi.

"Akaunti ya chuo, kwa usalama. Nami nawagawia hapa hapa kaunta."

Mwisho wa wiki walikuwa wameshajiandikisha kumi na mmoja. Haikuwa kazi. Tamaa ni kama upele, Royce alijua, huhitaji kumfundisha mtu kujikuna. Hesabu yake yeye ilikuwa fupi: ada anaiweka mfukoni sasa, marejesho yakiingia akaunti yake anayakomba, na kabla Pasaka haijapoa yuko Florida, miguu mchangani. Barua za serikali zikija kuuliza maswali zitawakuta wenye majina. Hilo alilifikiria kwa dakika moja nzima, akaona ni la kusikitisha, akaendelea na shughuli zake.

Aliyeleta ugumu ni Arlo. Alikuja pale kaunta siku moja, kofia mkononi.

"Mkuu, wakipiga simu kuuliza tumesoma nini, tuseme nini?"

"Hawapigi."

"Wakipiga."

Royce akaona kuwa wakipiga itakuwa vizuri pawe na picha. Darasa, ubao, mwalimu, wanafunzi wamekunja nyuso kama watu wanaofikiri. Chumba kilikuwepo, stoo ya nyuma ya bolingi yenye mataa ya Krismasi na pini zilizovunjika. Wanafunzi walikuwepo. Kilichokosekana ni mwalimu, na kila mtu akamtajia jina lile lile: Bi Leokadia Pruss.

Bi Leokadia alikuwa na miaka sabini na moja, mwembamba kama chaki, na kwa miaka thelathini na mitatu alikuwa amewafundisha hesabu watoto wa mtaa ule, Kaz akiwa mmoja wao. Sasa alikuwa amestaafu, na Ijumaa aliuza tiketi za bahati nasibu mlangoni pa ukumbi wa samaki. Hakuna aliyewahi kumwona akikosea chenji.

"Dola hamsini, mwalimu," Royce alimwambia. "Unasimama ubaoni dakika tano, tunapiga picha, unakwenda zako."

"Mimi sisimami ubaoni bila kufundisha," akasema Bi Leokadia. "Mgongo unauma bure."

"Basi fundisha chochote."

"Mnasomea nini?"

Royce akasita. Kwa mara ya kwanza mkuu wa chuo aliulizwa mtaala wake. "Wanajifunza... kujaza ritani zao za kodi."

"Vizuri," mwanamke akasema, naye hakutabasamu. "Kijitabu cha maelekezo kinatolewa bure maktaba. Nitaleta kumi na viwili."

"Wanafunzi ni kumi na mmoja."

"Cha kumi na mbili ni chako, Mkuu."

Basi Jumanne iliyofuata picha ikapigwa, nzuri kabisa, Verna ameshika penseli kichwa chini miguu juu. Royce akatia kijitabu chake mfuko wa koti, akaenda kujirushia matufe njia ya nne. Darasa lilipaswa kutawanyika. Halikutawanyika. Saa nzima alisikia chaki ikigonga ubao, sauti ya Bi Leokadia ikiuliza, mtu akijibu. Kisha kikatokea kimya kirefu mno kwa chumba chenye Verna ndani. Kisha sauti nyingi pamoja, kisha kicheko kikubwa kilichofanya Royce akose pini zote.

Walipotoka walimtazama kwa namna mpya. Aliitafsiri kuwa ni heshima.

Na kwa kweli kuanzia siku ile heshima ilimiminika. "Shikamoo Mkuu," Verna alimwamkia, ingawa alimzidi Royce miaka mitano. Kaz aliacha kumlipisha kahawa. Darasa likawa kila Jumanne na Alhamisi mchana, na hakuna aliyekosa. Royce, ambaye aliacha shule akiwa na miaka kumi na sita kupitia dirisha la choo, alianza kuvaa tai. Alijikuta amesimama mlangoni mwa stoo akisikiliza, mikono nyuma, akitikisa kichwa pale wengine wanapotikisa. Tusimcheke sana. Mtu aliyeitwa majina yote kasoro mkuu, ukimwita mkuu mara moja, utampata.

Wiki ya tatu Bi Leokadia alimfuata pale kaunta, kijitabu mkononi, sauti chini.

"Mkuu, samahani. Hii sehemu ya vifaa umeshaisoma?"

"Nimeipitia."

"Basi unajua tunaacha pesa nyingi chini."

Royce akaweka kikombe. "Najua. Lakini hebu nikumbushe, nilipitia haraka."

Mwalimu akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya darasani: "Nafuu kubwa inafika hadi dola elfu mbili na mia tano kwa mwanafunzi mmoja. Vitabu, vifaa na zana zinazohitajika kwa masomo huhesabiwa pamoja na ada..." Hapo akafunga kijitabu. "Yanayofuata unayajua."

"Nayajua," akasema Royce, ambaye masikio yake yaliishia kwenye elfu mbili na mia tano.

"Ndiyo maana nashangaa. Wanafunzi kumi na mmoja, kompyuta hata moja! Chuo gani hiki? Mtu anajaza ritani ya masomo kwa simu iliyopasuka kioo?"

"Ni aibu," Royce alikubali.

"Na risiti ziwe kwa majina yao. Kifaa lazima kiwe mali ya mwanafunzi mwenyewe. Hilo hata wewe ulikuwa umelifikiria."

"Ndilo la kwanza nililolifikiria."

Usiku huo hakulala vizuri, maana mahesabu yalikuwa yanacheza ngoma kichwani. Kumi na mmoja mara elfu mbili na mia tano. Zile mia nne nne alizokusanya zilionekana sasa kama chambo tu, na mvuvi gani anayeuonea huruma mnyoo? Asubuhi alikwenda kwenye duka la vifaa vilivyotumika, akapiga bei mpaka muuzaji akaomba maji, akarudi na kompyuta kumi na moja, kila moja na risiti yenye jina la mwenyewe. Akaongeza viti, maana mkuu hawezi kuwakalisha wasomi juu ya makreti ya bia. Akaongeza mashine ya kahawa. Akaongeza kibao cha mlangoni chenye jina la chuo kwa herufi za dhahabu, nalo jina lake chini, dogo, lakini dhahabu.

Kilichobaki kilitosha tiketi ya basi ya kwenda Florida na shati moja lenye michikichi.

Siku ya kujaza ilikuwa Alhamisi. Royce alitembea katikati ya viti kama padri kwenye njia ya msalaba. Kompyuta zilikuwa zimewashwa, nyuso zimeinama, vidole vinagonga. Kila mmoja alikuwa anajijazia, kama sheria ilivyotaka na kama Royce alivyotaka kuliko sheria.

"Mmefika penye akaunti?" akauliza.

"Tumefika, Mkuu," wakajibu wote.

Akatoa karatasi mfukoni, akawasomea namba yake, tarakimu moja moja.

"Rudia, Mkuu," alisema Verna. "Ya tano ni tatu au nane?"

"Nane, dada Verna."

"Nane kama ya mtu mnene?"

"Hiyo hiyo."

"Asante. Nisije nikampelekea mtu mwingine bure."

Kaz alikohoa ndani ya kiganja kwa muda mrefu. Arlo alikuwa ameinama juu ya kompyuta yake, mabega yanatikisika, na Royce akafikiri ni uchungu wa hesabu. Mmoja baada ya mwingine walibonyeza, na kwenye vioo kumi na kimoja likatokea neno lile tamu: *Imetumwa*. Bi Leokadia alizunguka akitazama kila moja, akitia alama ya vema kwenye daftari.

"Mmenifurahisha," alisema. "Hakuna aliyekosea."

Wiki tatu, ndivyo walivyoambiwa. Royce aliagana na mwenye nyumba wake, akafunga sanduku, akalivaa shati la michikichi ndani ya koti kwa sababu Toledo bado kulikuwa na theluji ya mwisho mwisho. Kila asubuhi alikwenda kwenye mashine ya benki. Siku ya kumi na tisa, hakuna kitu. Siku ya ishirini, hakuna kitu. Siku ya ishirini na mbili mashine yenyewe ilianza kuonekana kama inamwonea huruma.

Akaenda bolingi. Kaz alikuwa anapiga mluzi.

"Vipi, Kaz, una furaha."

"Marejesho yameingia, Mkuu!"

"Yameingia? Yameingia wapi?"

"Kwangu."

"Kwako wapi?"

"Kwangu mimi. Kumbe mwaka jana ile kozi ya kutengeneza majokofu niliyoisoma chuo cha ufundi, nami sikuihesabu kuwa ni shule, chuo cha kweli chenye namba yake, ada niliyolipa inahesabika. Si ile nafuu kubwa, ni ile ndogo, inapunguza kodi tu. Lakini kodi nilikuwa nimekatwa, basi wamenirudishia." Akapuliza dawa ndani ya kiatu. "Mwalimu yuko nyuma, ukimtaka."

Royce hakutembea, alijikuta tu yuko mlangoni pa stoo. Darasa lilikuwa limekaa. Hakuna aliyeshangaa kumwona.

"Mmejaza nini?" akauliza.

"Ukweli," alisema Bi Leokadia. "Ulikuwa mfupi, haukuchukua muda."

"Namba niliwasomea!"

"Na ulisoma vizuri sana," Verna alisema. "Mimi niliiandika pembeni nikachora na maua."

Royce akamgeukia mwalimu. Sauti ile ya asali ilikuwa imepasuka katikati. "Uliniambia vifaa vinahesabika! Umenisomea mwenyewe!"

"Nilikusomea nusu sentensi. Ukasema nusu nyingine unaijua." Akafungua kijitabu, akasoma polepole, kidole chini ya maneno. "...iwapo mwanafunzi amesajiliwa katika chuo kinachotambuliwa, anasomea cheti au shahada, na amesoma angalau nusu ya masomo ya kawaida. Chuo chako, Mkuu, kinatambuliwa na nani?"

"Na mimi," Verna akadakia. "Nakitambua kabisa. Nikikiona barabarani nakisalimia."

"Huu ni wizi! Kompyuta zile nimenunua mimi!"

"Risiti zina majina yetu," Kaz alisema nyuma yake. "Kila mtu alilipa mia nne, kila mtu amepata kompyuta, kiti na kahawa. Mimi naona ada ya haki kabisa."

"Nakwenda polisi!"

"Nenda," alisema Bi Leokadia. "Watakupa fomu ya maelezo. Ukikwama kuijaza rudi, tutakushika mkono."

Chumba kizima kikacheka, na pengine Royce angetoka na hasira yake ikamfaa mpaka Florida, kama si Arlo kusimama. Kicheko kikakatika. Arlo hakupandisha sauti.

"Mimi nilitaka kukutupa mtoni, Royce. Jumanne ile ya kwanza. Mwalimu ndiye aliyenizuia, alisema maji bado ya baridi na hatutapata faida. Unajua mtu akidai nafuu hii kwa uongo wanamfanya nini? Mbali na faini?"

Royce hakujua.

"Wanamfungia. Miaka kumi haruhusiwi kuidai tena. Binti yangu Denelle anaanza uuguzi mwezi wa tisa. Mimi ndiye namlipia. Nafuu hii ndiyo niliyoihesabia, mwaka huu wa kwanza na mitatu inayofuata. Ungenifungia mlango kabla mtoto hajagusa kitasa. Na wewe ungekuwa mchangani unakula machungwa." Akaketi tena, kiti kikalia. "Ndiyo hivyo tu."

Royce alitazama chini, akaona shati lake la michikichi limechungulia kwenye koti, akafunga kifungo.

"Sikujua habari za binti," alisema.

"Hukuuliza," Arlo akamjibu.

Angeondoka hapo. Alikuwa ameshageuka. Lakini Bi Leokadia alimwita kwa sauti ambayo ilikuwa imewasimamisha wavulana wa Toledo kwa miaka thelathini na mitatu.

"Na ritani yako wewe?"

"Yangu?"

"Hukujaza mwaka huu. Tarehe ya mwisho imebaki siku nne."

"Mimi sijawahi... muda mrefu kidogo sijajaza."

"Muda gani?"

Royce akahesabu kwa midomo. "Miaka saba."

"Mungu wangu," Verna alisema, na kwa mara ya kwanza hakuongeza kitu.

"Ulikuwa unafanya kazi?"

"Kazi za hapa na pale. Magari. Ghala la matairi. Wote walikuwa wananikata kodi, wezi wale."

"Karatasi zao unazo?"

Alikuwa nazo. Zilikuwa kwenye buti la gari lake bovu, ndani ya boksi la mafuta ya injini, bahasha juu ya bahasha, zote zimefungwa kama zilivyotoka posta. Hakuwahi kufungua bahasha yenye dirisha. Alizileta kwa sababu mwalimu alisimama mlangoni mpaka akazileta. Kaz akavuta kiti kimoja kati ya vile Royce alivyonunua mwenyewe, Arlo, baada ya kufikiri kidogo, akamsogezea kompyuta yake, na Mkuu wa Chuo akakaa kama mwanafunzi wa kumi na mbili.

Iliwachukua mchana wote. Bi Leokadia hakumjazia hata herufi moja. Alimwonyesha mstari, akangoja. Royce alisoma kwa kidole, jasho linamtoka puani, akisimama mwisho wa mstari wa pili kwa mazoea, na kila akisimama mwanamke alisema, "Endelea, bado unaongea," mpaka akamaliza. Jua lilipofika kwenye dirisha la nyuma walikuwa wamejua jambo ambalo hakuna mjanja wa Toledo angeliamini. Royce Tuttle hadaiwi na serikali. Serikali ndiyo iliyokuwa inadaiwa na Royce Tuttle.

"Walikukata zaidi ya ilivyopaswa, kila mwaka," mwalimu alisema. "Ungejaza tu, wangekurudishia. Miaka hii ya mwisho, jumla ni dola elfu moja mia tatu na kumi na nne."

Royce alifuta uso kwa tai. "Na ile ya nyuma?"

"Ile ya nyuma haipo tena. Marejesho usipoyadai miaka mitatu, yanakwenda na maji. Hapa umepoteza," akapiga hesabu pembeni, "elfu mbili na mia mbili hivi."

"Nani kazichukua?"

"Hakuna aliyezichukua."

"Lazima kuna mtu!" Alikuwa amesimama, bahasha zinamwanguka magotini. Katika maisha yake yote pesa haikuwahi kupotea bila kuwa na mtu nyuma yake, na mara nyingi mtu huyo alikuwa yeye. Ndipo lilipomfikia, polepole, kama maji ya mafuriko yanavyoingia kwenye gari zuri. Akakaa tena. Akaanza kucheka, kwanza kidogo, kisha mpaka Verna akampigapiga mgongoni kwa hofu.

"Saba," alikuwa akisema. "Miaka saba namfanyia kazi mtu huyu, na ananiibia, na namnunulia chakula!"

"Hii ada ya wanafunzi wako," Bi Leokadia alisema, akikusanya vijitabu, "hiyo nayo ni pato. Mwakani utaitangaza."

"Hata pato la wizi?"

"Sheria inasema pato lolote. Haikuchagua."

Kibao cha dhahabu Kaz alikiacha mlangoni. Alikwangua jina la Royce kwa kisu, kisha akaona mahali pale pamekuwa pabaya, akalirudisha kwa rangi ya kucha ya Verna. Mwezi wa tisa Denelle alianza uuguzi, na Arlo akaanza kuweka kila risiti ya kitabu kwenye bahasha ukutani mwa lori lake. Mkuu mwenyewe alikaa mpaka pesa zake zilipoingia, akigawa viatu kaunta kwa Kaz kwa mshahara mdogo ambao, kwa ombi lake mwenyewe, ulikatwa kodi kwa usahihi. Kisha akapanda basi.

Januari ilipofika, kadi ya posta ikaja bolingi kutoka Florida. Upande mmoja palikuwa na flamingo. Upande wa pili, kwa herufi za mtu anayeandika kwa bidii, Royce alimsalimia mwalimu, akawasalimia wote, akamuulizia Denelle. Akasema anauza kasuku siku hizi, biashara halali, tena mmoja hakuuzika ameamua kukaa naye nyumbani. Anamlisha yeye, anamtibu yeye, na kasuku hana pato lolote. Je, mwalimu, kwenye ritani anaweza kuandikwa mtegemezi, kodi ipungue?

Bi Leokadia alimwomba Kaz kalamu, akageuza tiketi moja ya bahati nasibu ya samaki, akaandika nyuma yake neno moja, akatafuta stempu.

"Umemwambia nini?" Verna akauliza, shingo ameirefusha.

"Soma."